Ukuta wa Bibi Harusi

Saga, Kyoto
16 Aprili 1987

Kwako Bibi Sono Uehara,

Mimi ndiye niliyeupaka ukuta rangi nyeupe. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata mama, hata paka wetu, na paka wetu huwa namwambia kila kitu.

Naomba radhi kwa kuanza hivi. Najua barua njema huanza na majira: kwamba maua ya cheri yameshapukutika, kwamba mto umejaa, kwamba natumaini u mzima wa afya. Nilijaribu mara nne kuanza na cheri, na kila nilipofika kwenye maua pumzi zikaniishia. Basi nimeanza na ukuta.

Jina langu ni Chizuru Okabe. Nina miaka kumi na minane na nimemaliza shule mwezi uliopita. Wenzangu wamekwenda benki na chuoni. Mimi nikiulizwa jambo mbele za watu sauti hunipotea, kwa hiyo mama akanitafutia kazi isiyo na watu. Ninafagia Studio ya Mikazuki, ileile uliyoigizia zamani za sinema bubu. Tangu ilipofungwa imekuwa ghala la achari la ukoo wa Kuwabara. Sasa Mzee Kuwabara amestaafu biashara, na yeye na kamati yake wanaitengeneza iwe makumbusho. Ile barua ya kamati ya kukuomba kumbukumbu zako niliiandika mimi kwa brashi, maana mwandiko ndicho kitu pekee ninachoweza kuwaonyesha watu bila kutetemeka. Ulijibu kwa kadi: "Sikumbuki kitu. Msinisumbue." Kamati ilisononeka. Mimi nikawaza kwamba mtu asiyekumbuka kitu na asiyetaka kusumbuliwa ndiye salama kuliko wote wa kumwekea siri.

Ilikuwa hivi. Katika lile jumba la paa la kioo, nyuma ya mapipa ya figili, kimesalia chumba kimoja cha kuigizia, chumba cha bibi harusi. Mzee Kuwabara alinipa ufunguo akaniambia nikisafishe. Nikakuta ukuta una rangi ya ajabu, manjano iliyochanganyika na bluu, kama yai lililoharibika. Nikadhani ni uchafu wa miaka ya achari. Nikasema moyoni, nitamfurahisha mzee. Nikachukua rangi nyeupe ya maji iliyokuwa ya choo cha wanawake, nikapaka siku mbili mfululizo, mikono miwili ya rangi. Ukatakata kama karatasi. Nikaufunika turubai ili uje uwe zawadi.

Jumatatu, kwenye mkutano, Mzee Kuwabara akaeleza kuhusu ukuta. Alisema filamu za zamani hazikuona rangi kama jicho linavyoona. Nyekundu iliingia kama nyeusi, na nyeupe halisi ilimeta mpaka ikaumiza picha. Ndiyo maana studio zilipaka kuta manjano na bluu, ili kwenye filamu zionekane nyeupe za kupendeza. Picha zote za jumba enzi za sinema ziliungua zamani, na majirani wanasema jumba letu lilikuwa la kuoteshea maua tu. Ushahidi uliobaki ni ule ukuta, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayeweza kupaka nyumba yake rangi ile.

Tarehe 30 Mei anakuja Profesa Nagamine kutoka Tokyo kuukagua. Akisema hapa palikuwa studio, jumba litalindwa. Akisema hapana, mwezi Julai linabomolewa pawe maegesho ya mabasi ya watalii.

Bibi, wewe ndiye pekee aliye hai aliyewahi kusimama mbele ya ukuta ule. Ulikuwa rangi gani hasa? Nakuomba, na nakuomba tena, usimwambie mtu.

Mimi,
Chizuru Okabe


Matsuyama
21 Aprili 1987

Binti Okabe,

Niliwaambia sikumbuki kitu, nanyi mnaniandikia tena. Sasa nimekumbuka, basi mmeridhika?

Nina miaka sabini na tisa. Hapa nyumba ya wazee chakula ni uji na habari ni za magoti ya watu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na muuguzi akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia kuna mtu amekufa. Usiogope, siri yako ninayo.

Rangi ya choo! Genzo, aliyekuwa fundi wetu wa rangi, angefufuka akupige na ndoo.

Ni kweli aliyosema mzee wenu. Sote tulikuwa na rangi za kutisha. Mimi bibi harusi nilipakwa uso wa manjano na midomo ya bluu. Kirishima, shujaa wetu, aliyewaliza wanawake kutoka Osaka hadi Nagasaki, ukimkuta uwanjani mchana ungedhani ameopolewa mtoni. Siku moja muuza tofu alimwona akaacha mkokoteni wake.

Ukuta ulikuwa kama chai ya kijani iliyotiwa maziwa, iliyosahauliwa dirishani siku mbili. Genzo alisaga makombe ya chaza, akachanganya na gundi ya ngozi, manjano kidogo na nili kidogo. Changanya hivyo, upake juu ya weupe wako wa chooni. Nitumie kwanza vipande vya karatasi nivione.

Ila nisikilize vizuri. Ukuta usiuoshe. Usitie maji hata tone. Mbao za mwerezi zikilowa zinapinda. Juu pakaa utakavyo, lakini chini usichokonoe.

Jambo moja zaidi. Kama makumbusho hayo yataning'iniza picha, ya Kirishima isiwe kubwa kuliko yangu. Alikuwa mfupi.

Sono Uehara


Saga, Kyoto
29 Aprili 1987

Mpendwa Bibi Sono,

Cheri zimekwisha na majani mabichi yamechanua, natumaini magoti yako hayako katika zile habari. (Safari hii nimeweza kuanza vizuri.)

Nimeweka vipande sita vya karatasi, vina namba nyuma. Makombe yaliyosagwa yanapatikana kwa wauza rangi za wanasesere, na gundi niliichemsha jikoni mama alipokwenda sokoni. Harufu yake imekaa ndani siku tatu. Mama anafikiri ni mimi, na amenunua sabuni mpya akaiacha mlangoni kwangu bila kusema neno.

Kila mchanganyiko ukiwa umelowa unafanana na ulivyoeleza, ukikauka unageuka. Namba nne ulipokauka ulikuwa supu ya njegere kabisa.

Mzee Kuwabara aliniuliza jana kwa nini kucha zangu ni za bluu. Nikasema najifunza kutia nguo nili. Akafurahi mno, akasema wasichana wa siku hizi hawajui nili. Leo amekuja na shuka zake tatu nimtilie. Pia ameona choo cha wanawake kimepakwa nusu. Alisimama mlangoni muda mrefu akitazama, akasema mafundi siku hizi hawana haya. Mimi nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Amekuwa akisoma kitabu cha Profesa Nagamine ili siku ya ukaguzi asiaibike. Ni kitabu cha kurasa mia tatu juu ya kivuli kimoja. Katika ile filamu ya bibi harusi zimesalia dakika nne tu, ziko Tokyo, na ndani yake wewe umekaa chumbani peke yako unalia, na nyuma yako ukutani pana kivuli cha mtu ambaye hayupo. Profesa anasema ni roho ya mume aliyekufa vitani, na kwamba kivuli kile kilibadilisha sinema ya nchi nzima. Bibi, ni kweli kwamba wewe ndiye uliyeigiza mbele ya kitu kikubwa namna hiyo, na hukutuambia?

Nasubiri hukumu ya vipande.

Mwanafunzi wako,
Chizuru


Matsuyama
4 Mei 1987

Chizuru,

Namba moja ni uji wa hapa. Namba mbili ni jirani yangu wa kitanda cha pili. Namba nne hata usiiseme. Namba tano inakaribia, ila macho yangu yana mtoto wa jicho na dunia yote kwangu ni manjano, kwa hiyo usiniamini mimi. Amini kitu ninachokutumia.

Ndani ya soksi utakuta kipande cha kioo cha bluu chenye fremu ya shaba. Kilikuwa cha Ashida, mpiga picha wetu. Kabla ya kuzungusha kamera alifumba jicho moja, akatazama kupitia kioo hicho, akaona dunia kama filamu itakavyoiona: bila rangi, mwanga na giza tu. Alinipa siku aliyoondoka studio. Kwa nini alinipa mimi si kazi yako. Paka kipande chako, kitazame kwa kioo. Kikiwa cheupe laini kama wali mpya, umepata.

Habari za kivuli tuache. Maprofesa nao wanapaswa kula.

Na ukuta usiuoshe. Umesikia?

Sono


Saga, Kyoto
11 Mei 1987

Bibi Sono,

Sina nguvu za majira. Nimeosha ukuta.

Nilisikia. Nilisikia mara mbili. Lakini namba tano juu ya rangi ya choo ilianza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, ukuta mzima ukawa na magamba. Zimebaki siku kumi na tisa. Nikawaza kwamba rangi yangu ni ya maji, na maji ya uvuguvugu yataitoa yenyewe, na chini nitaikuta ile ya Genzo salama. Nikadhani unauonea huruma mwerezi, nikasema nitafuta taratibu kwa kitambaa laini nisiumize mbao.

Rangi yangu ilitoka, na ya Genzo ikatoka nayo. Gundi ya ngozi huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu, Bibi, nami niliichemsha kwa mikono yangu mwenyewe jikoni, na sikukumbuka. Rangi yote ya manjano iliteremka kwenye ndoo yangu. Ushahidi wote wa studio uko kwenye ndoo ya bati, na nimeificha ndani ya pipa la figili.

Na si hilo tu. Chini pametokea doa. Ni la kahawia, pana juu, linateremka mpaka karibu na sakafu, limeingia ndani ya mbao. Nimelisugua halitoki. Likiwa limelowa linanuka kitu ninachokijua, nikashindwa kukumbuka ni nini, ila njaa ilinishika.

Nilikaa sakafuni. Kioo chako kilikuwa mfukoni. Sijui kwa nini nilikitoa, labda kwa sababu sikutaka kuona rangi tena. Nikatazama ukuta kupitia kioo.

Bibi, kulikuwa na mtu amesimama pale. Mweusi, ameinamisha kichwa. Nikashusha kioo, pakawa na doa. Nikakiinua, akawa mtu.

Kesho asubuhi nitapaka chokaa nifunike kila kitu, kisha nimwambie Mzee Kuwabara ukweli, kisha nadhani nitahamia kwa shangazi yangu kisiwa cha Sado. Nimekutumia barua hii kwa posta ya haraka ili nikuage.

Chizuru


SIMU YA MAANDISHI
Matsuyama, 12 Mei 1987, saa 3 asubuhi

USIGUSE UKUTA. SADO KUNA BARIDI. BARUA INAKUJA. SONO


Matsuyama
12 Mei 1987

Mjukuu wangu Chizuru,

Siku zote nimeshika siri yako. Sasa fungua mikono, nawe upokee yangu.

Doa lile ni mchuzi wa samaki mkunga.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1926, Siku ya Ng'ombe, ile siku ambayo kila mtu hula mkunga wa kuchoma asiugue joto. Nami nilikuwa na miaka kumi na minane, kama wewe. Chini ya paa lile la kioo tulikuwa tunaiva. Nilikuwa nimevaa kimono tatu, moja juu ya nyingine, na tangu alfajiri nililia na kulia kwa ajili ya mume wangu wa uongo. Kilichoniweka hai ni kwamba duka la mkunga lilikuwa limeleta chakula cha watu ishirini, na fungu langu nilikuwa nimeliwekea alama.

Nikamaliza kulia. Nikaenda kwenye fungu langu. Kulikuwa na wali, na juu ya wali hakuna kitu.

Kirishima alikuwa anajifuta midomo. Ile midomo ya bluu. Akaniambia, "Dada Sono, bibi harusi mwenye huzuni hali. Nimekusaidia uigize vizuri."

Duka lilikuwa limeleta na chungu cha mchuzi, mweusi, mtamu, wa kuwatosha watu wote. Nilikiinua chungu chote nikamrushia. Mtu yule katika maisha yake yote hakuwahi kukwepa upanga wa mbao bila kujikwaa, lakini siku ile alikwepa kama mbayuwayu. Mchuzi wote ukaenda ukutani.

Rangi ya Genzo huchukua siku nzima kukauka, na jua tulilokuwa nalo lilikuwa la saa mbili tu, maana mawingu yalikuwa yanakuja kutoka mlimani. Mwongozaji akashika kichwa. Ndipo Ashida akatoa kioo chake, akafumba jicho, akatazama ukuta. Akasema, "Hiki si mchuzi. Hiki ni kivuli. Kaa chini, Sono, ulie."

Nikalia. Safari hiyo sikuigiza. Nilikuwa na njaa.

Filamu iliyofuata ilikuwa ya paka mzimu, Genzo akapaka manjano juu ya doa, na hiyo ndiyo rangi uliyoikuta. Mimi nikawa maarufu. Watu waliandika magazetini kwamba bibi harusi yule alimhisi marehemu nyuma yake. Kirishima alikasirika mpaka kufa kwake, kwa sababu alisifiwa kidogo kuliko mchuzi.

Sasa sikia ubaya wangu. Miaka kumi na mitano iliyopita huyo Nagamine alikuja kwangu, kijana mwembamba, mwenye adabu, kalamu mkononi. Akaniuliza nilihisi nini siku ile. Alinitazama kama mtu anayengoja maji jangwani. Ningemwambia mkunga? Nikasema, "Nilihisi mume wangu amesimama nyuma yangu." Akalia. Ameliandika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Ndiyo maana mliponiandikia nikasema sikumbuki kitu, na ndiyo maana nilikukataza maji. Mwerezi haupindi hata ukiuzamisha baharini.

Hukuharibu ushahidi, mtoto. Umeufukua. Rangi ya manjano ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye macho mabaya. Lakini kivuli kile kipo ndani ya filamu, na ukuta wenye kivuli kile ni mmoja tu duniani. Usipake kitu. Ila Nagamine mwonyeshe kwa kioo, maana bila kioo ataona chakula.

Kwa kinywa chako usimwambie ni nini. Nimekuomba mimi, mwongo mzee, kwa sababu yeye ana kurasa mia tatu.

Sono


Saga, Kyoto
31 Mei 1987

Mpendwa Bibi Sono,

Mvua za mwanzo zimeanza na maua ya haidranja bado ni kijani. Natumaini umelala vizuri. Mimi sijalala tangu juzi.

Profesa alikuja jana na koti la mvua. Hakuwa mwembamba. Kamati nzima ilivaa suti, Mzee Kuwabara akavaa tai ya marehemu baba yake. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufungua turubai tu. Nilimwambia Mzee asubuhi ileile kwamba ukuta umebadilika kidogo. Akasema, "Kidogo kiasi gani?" Nikashindwa kusema, nikafungua turubai, na Profesa akawa ameshaingia.

Mzee Kuwabara aliuona ukuta wake. Shingo yake ikawa nyekundu, nikawaza kwamba kwenye filamu ingetoka nyeusi.

Profesa alitazama mbao tupu na lile doa. Akauliza iko wapi rangi aliyoandikiwa. Akasema kwa upole sana, ule upole unaoumiza, kwamba amesafiri mbali, kwamba anaelewa mapenzi ya watu kwa majengo yao, lakini anachokiona ni ghala lenye ukuta mchafu. Akaanza kufunga mwavuli wake. Akafunga daftari.

Bibi, nilihesabu hatua zake. Zilikuwa sita mpaka mlangoni. Ya kwanza sauti haikuja. Ya pili, ya tatu, haikuja. Ya nne nikaona haiji tena, basi nikaenda mwili peke yake. Nilisimama mbele yake, nikamwekea kioo mkononi, nikamshika mkono wa koti nikamgeuza kama mtu anavyogeuza kabati. Ndipo sauti ikaja, ndogo.

"Fumba jicho moja," nilisema. "Tazama."

Akatazama.

Nikasikia mvua kwenye kioo cha paa, tone moja moja. Halafu akapiga magoti na koti lake la mvua, mbele ya mchuzi wako. Alitoa picha mfukoni, ile ya filamu, akailinganisha. Bega la kivuli, kichwa, ule mchirizi mmoja unaoteremka kushoto. Alisema, "Ni yeye." Machozi yalimtoka nami nikalia pia, sijui kwa sababu gani, labda kwa sababu ya hatua mbili zilizokuwa zimebaki.

Sasa ndipo hatari ilipokuja. Kwa ajili ya mvua mbao zilikuwa zimepata unyevunyevu. Mzee Kuwabara amekaa kwenye sosi na achari miaka hamsini. Nikamwona pua yake inacheza. Akasogea. Akanusa. Akanusa tena, uso ukafunguka kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni, akaanza kusema, "Lakini Profesa, huu si ni mchu—"

Nikamkanyaga mguu. Mimi, Bibi, ambaye huwa nawaomba radhi hata siafu.

Profesa akauliza, "Umesema?"

Mzee Kuwabara alinitazama. Akautazama ukuta, akazitazama kucha zangu. Akasema, "Nimesema mchana umefika, Profesa. Twende tukale."

Wakaenda kula. Usicheke: walikula mkunga. Niliambiwa kwamba Profesa alipolileta tonge mdomoni alisita kidogo, akasema harufu hii inamkumbusha kitu kitakatifu.

Jumba litalindwa. Ameandika barua palepale mezani.

Wako,
Chizuru


Matsuyama
5 Juni 1987

Mjukuu wangu,

Nimecheka mpaka muuguzi ameita daktari. Daktari amesema moyo wangu ni wa msichana, nikamwambia ni wa msichana mwenye njaa.

Kioo kibakie huko. Kiwekwe mezani ili kila anayekuja afumbe jicho mwenyewe. Lakini maandishi ya chini yake nataka uyaandike wewe kwa brashi yako, na sitaki uongo mwingine. Mmoja umenitosha miaka kumi na mitano. Wala ukweli wote sitaki. Wewe ni msichana wa kunyamaza, utapata njia.

Picha ya Kirishima ukubwa gani?

Sono


Saga, Kyoto
14 Juni 1987

Mpendwa Bibi Sono,

Mvua inanyesha bila kupumzika na haidranja zimekuwa bluu. Mzee Kuwabara anachunga mlango wa chumba kama kuku anayelalia mayai.

Picha ya Kirishima ni ya ukubwa wa kadi ya posta. Yako inafika dari.

Maandishi niliyaandika mara kumi na moja. Profesa alitaka iwe "Roho ya Mume". Mimi nimeandika hivi: "Kivuli hiki kilikuwa ukutani wakati filamu ilipopigwa, kiangazi cha 1926. Siku ile kulikuwa na joto kali, na bibi harusi alilia kwelikweli." Profesa aliyasoma akasema ni mafupi lakini yana kina. Mzee Kuwabara aliyasoma akakohoa.

Jana nilidhani nimesalimika. Nilikuwa nafagia, Mzee akaja na kopo la rangi nyeupe na brashi mpya, akaviweka miguuni pangu. Akasema, "Choo cha wanawake bado kimebaki nusu. Nimeona nimpe mtu mwenye uzoefu." Kisha akaondoka zake. Mlangoni akaongeza kwamba shuka zake za nili bado anazingoja.

Nimepaka choo. Mikono miwili ya rangi. Kimependeza sana, ingawa hakuna profesa atakayekuja kupigia magoti.

Lakini kuna jambo jipya, na ndilo linalonifanya nikuandikie leo badala ya Jumapili ijayo. Kamati imegundua kwamba nimekuwa nikikuandikia. Mama alitaja stempu. Sasa wanataka barua zetu zote ziwekwe kwenye kabati la kioo, karibu na mlango, kama kumbukumbu za msanii mkongwe. Profesa ameahidi kuja mwenyewe kuzisoma. Nimewaambia nilizonazo zililowa kwa mvua, na kwa rasimu zangu ni kweli, nilizishika nje dirishani dakika kumi asubuhi ya leo. Zako sikuzilowesha. Ziko chini ya mkeka wangu, na paka anazilalia.

Zangu ulizonazo wewe ndizo zinazoniogopesha. Bibi, wakikuandikia, tafadhali jibu kwa kadi kama ile ya kwanza. Sema hukumbuki kitu, wasikusumbue. Wakija wenyewe na adabu zao na kalamu zao, wakakutazama kama watu wanaongoja maji, kumbuka yaliyokupata safari iliyopita, uwape uji.

Nami sitamwambia mtu habari za mkunga, na wewe usimwambie mtu habari za rangi ya choo. Tumekubaliana?

Mjukuu wako,
Chizuru

Barua hii ikimaliza kukuchekesha, ifiche pale wauguzi wasipofika. Kama hakuna mahali pa namna hiyo, imeze.